Nyuma ya Matete

Jumamosi, 2 Machi

Daktari anayenipima presha amenishauri niandike kila kinachonitisha. Anadai hofu ikishakuwa kwenye karatasi inapungua kichwani. Sina hakika kama anajua anachosema, ila vidonge vyake vimenisaidia, kwa hiyo namsikiliza. Daftari hili nimelitoa kwenye kabati la karakana yangu iliyo nyuma ya nyumba, ni la kuandikia vipimo vya fizi. Mimi hutengeneza meno ya bandia. Nina miaka arobaini na saba, naishi na mama yangu na mdogo wangu wa kike kwenye nyumba aliyotuachia Baba. Naogopa ngazi, naogopa radi, naogopa mbwa wa jirani ambaye hana hata meno, najua kwa sababu ya kazi yangu. Kuliko vyote naogopa maji yanayokwenda.

Leo imenyesha mvua ya kwanza. Mdogo wangu alisimama mlangoni akaipokea kama mgeni aliyemngoja mwaka mzima. Watu wote humwita Mwalimu, hata Mama, maana anafundisha hesabu sekondari. Wakati wa kiangazi yeye na wenzake hucheza drifti kwenye uwanja wa saruji wa kiwanda kilichofungwa. Gari linakuja kasi, anavuta breki ya mkono, mkia wa gari unateleza kando, matairi yanalia, na yeye anacheka ndani ya moshi. Mtu mwenye shahada. Mvua zikianza wanaiacha saruji na kuingia porini, kwenye matope na mito, na gari kuukuu la Baba ndilo analoendesha.

Miaka yote nilibaki nyumbani nikiomba Mungu. Mwaka huu rafiki yake aliyekuwa akikaa kiti cha pembeni amehamishwa kikazi, na kikundi chao hakiruhusu gari linalotangulia kuingia porini na mtu mmoja. Basi Mama akaniita chumbani kwake.

"Nenda na mwenzio," akasema. "Usimwache peke yake kwenye lile gari."

"Mama, mimi muoga. Wewe mwenyewe unajua."

"Ndiyo maana nakutuma wewe. Utaangalia."

Nikamwahidi. Mama ukimwahidi kitu huushika mkono wako kwanza, halafu ndiyo anakuachia.

Jumapili, 3 Machi

Nimekula vidonge viwili badala ya kimoja.

Jumamosi, 9 Machi

Nimekwenda na nimerudi. Naandika hili kwanza ili nilisome.

Kikundi kina magari manne. Kiongozi ni fundi breki mstaafu, wanamwita Mzee Breki, mtu wa maneno machache na masharti mengi. Wapo mume na mke wenye duka la dawa, wanaogombana njiani kuhusu nani ameshika ramani. Na yupo Bonge, mwokaji mikate, mwenye gari jipya kubwa na sauti inayolingana nalo. Aliponiona nashuka aliniuliza kama nimeleta meno ya akiba kwa watakaong'oka njiani. Wote wakacheka. Sikumpenda, na ninaandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Kabla ya kuacha lami kila mmoja alipunguza upepo kwenye matairi, ili yatambae kwenye matope. Halafu Mzee Breki akanieleza sheria yao kuu. Hakuna gari linaloingia majini kabla ya mtu kupita kwa miguu, kwenda mpaka ng'ambo na kurudi. Dereva hapiti, kwa sababu kiatu kikilowa kinateleza kwenye klachi. Anapita yule wa kiti cha pembeni wa gari la kwanza. Na gari la kwanza ni la Mwalimu, kwa kuwa ndilo jepesi na likikwama lolote kati ya mengine linaweza kulivuta.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba alikuwa ananizungumzia mimi.

Walinipa ufito wenye alama tatu. Nyeupe ni magoti, njano ni mapaja, nyekundu ni kiuno. Maji yakifika nyekundu, magari yanageuza, hakuna ubishi. Mwalimu aliupaka rangi mwenyewe baada ya kupima kila gari kwa futi ya kamba. Kijito cha leo hakikufika hata nyeupe. Nilipita, nikarudi, nikanyanyua mikono yote miwili kama walivyonielekeza. Mwalimu akaniambia, "Asante, Kaka," akaingiza gari bila kuuliza swali lingine, na hapo ndipo nilipoogopa zaidi.

Jumamosi, 16 Machi

Barabara imekatika. Hatukwenda. Nilijitia kusikitika.

Ijumaa, 22 Machi

Mteja wangu wa leo, bibi mmoja mcheshi, alitaka meno yake yatoke haraka kwa ajili ya picha. Nikakataa. Kwanza meno hupangwa kwenye nta, mtu anayavaa, anauma, tunaona yanapokutana na yasipokutana, ndipo tunayapika yagande. Fundi anayeruka hatua ya nta anamtia mtu vidonda. Miaka ishirini na mbili sijawahi kuiruka. Bibi akasema nina roho ngumu. Nikamwambia ni roho ya uoga.

Kesho tunakwenda kwenye mto wa matete. Mvua inapiga bati tangu asubuhi.

Jumapili, 24 Machi

Nimefunga mlango wa karakana. Nimechanganya plasta ambayo siihitaji, ili Mama akisikia nagonga bakuli ajue nafanya kazi. Nataka kuandika yote kama yalivyokuwa.

Mto ule ni mpana na katikati una kisiwa kidogo cha matete marefu kuliko mtu. Ukiwa ukingoni huoni kilicho nyuma yake. Daraja lipo, kilomita ishirini kwenda chini. Nilimwuliza Mzee Breki kwa nini tusilitumie, akanitazama kama nimeuliza kwa nini mpira wa miguu usichezwe kwa mikono.

Niliingia. Mpaka kwenye matete maji yalikuwa njano, mapajani, na chini palikuwa na kokoto ngumu. Nikazunguka matete. Upande wa pili maji yalikuwa mengine. Yalikuwa meusi na yalikuwa yanajisokota, na sauti yake ilikuwa ya chini, naisikia mpaka sasa. Nilinyanyua mguu ili nipige hatua na mguu ukakataa. Sisemi kwamba niliamua. Mguu ulikataa. Nikayashika matete kwa mikono miwili, nikafumba macho.

Hakuna aliyekuwa ananiona.

Nilihesabu mpaka mia mbili. Nikafikiria kwamba mto ni mmoja, na kama upande huu ni mapaja basi upande ule utakuwa mapaja. Nikarudi. Nikanyanyua mikono. Nikasema, "Mapajani mpaka ng'ambo." Sauti yangu ilikuwa ya kawaida kabisa, na hilo ndilo linalonishangaza.

Nikapanda gari nikafunga mkanda. Nilikuwa najua, na nikafunga mkanda. Tulipopita matete gari likainama mbele, maji yakapanda juu ya boneti, injini ikaguna. Mwalimu akakata usukani kushoto, akakanyaga mafuta taratibu, bila pupa, mpaka magurudumu yakashika. Tulipopanda ng'ambo alisimamisha gari akaniangalia.

"Kaka, pale ni mapajani?"

"Mchanga umetitia," nikasema.

"Umepima na kulia?"

Bonge alikuwa ameshaingia mtoni anasubiri ishara yetu ya taa. Ilikuwa nafasi yangu. Honi tatu maana yake simama, na honi ilikuwa umbali wa mkono.

"Nimepima," nikasema.

Mwalimu akawasha taa mara mbili. Njoo.

Gari la Bonge ni pana. Lilipozunguka matete magurudumu ya kulia yakakosa chini, likalala ubavu polepole, kama ng'ombe anayelala. Maji yakaingia dirishani. Mkono wake wa kulia ulibanwa kati ya usukani na mlango, na yule mtu mwenye sauti kubwa kuliko wote akaanza kuita kwa sauti ndogo sana. Aliita, "Jamani. Jamani." Kichwa chake kilikuwa kinaonekana, halafu kidevu hakionekani.

Mwalimu alishageuza gari kuelekea mtoni na kufungua winchi, ile mashine ya kuvutia waya iliyo mbele ya gari. Alivua koti lake akalichovya majini akalitupa juu ya waya, ndivyo wanavyofanya siku zote, ili waya ukikatika uanguke chini usiruke kumkata mtu. Hata wakati ule hakuisahau sheria. Mimi nilichukua ndoano nikaingia. Siwezi kueleza. Mguu uleule uliokataa ulikwenda. Maji yalinifika kifuani, kisha shingoni, nikakipapasa chuma cha kuvutia gari chini ya bampa nikakitia ndoano. Winchi ikavuta. Gari likanyanyuka kiasi cha Bonge kupata pumzi, nikamshika kola mpaka tulipotoka.

Ukingoni alilala kifudifudi akatapika maji. Kiwiko cha mkono kimevunjika. Mzee Breki, aliyetufikia baadaye kwa kuzunguka darajani, alisema mto umehamisha mchanga baada ya mimi kupita, mito ndivyo ilivyo. Halafu akanipa mkono wa kiume na kuniita shujaa. Wote wakaniita shujaa.

Kabla ya kumwokoa, suruali yangu ilikuwa imelowa mpaka mapajani tu. Mtu mwenye macho angeona. Baada ya hapo nilikuwa nimelowa mpaka kichwani na hakukuwa na cha kuona. Tangu jana najiuliza kama niliingia majini kwa ajili ya Bonge au kwa ajili ya suruali.

Jumatatu, 25 Machi

Mwalimu amemsimulia Mama. Mama amelia, amenishika mkono, amesema alijua.

Ijumaa, 29 Machi

Bonge amekuja karakana, mkono umefungwa plasta mpaka begani, kwapani ameshikilia mkate wa moto umefungwa kwenye karatasi. Alisema kwa sasa mkewe ndiye anayekanda unga na yeye anatoa amri, na kwamba mke amemwambia akitoa amri moja zaidi atavunjwa ule mkono mwingine. Nikacheka. Akasema kila Ijumaa nitakula mkate wake mpaka mmoja wetu afe.

"Bonge, haina haja," nikamwambia.

"Fundi, nilikuwa nimeshaaga dunia. Nilishafika kwenye kuwataja watoto."

Mkate ulikuwa umepinda upande mmoja. Nimeshindwa kuula. Mama ameula, amesema una chumvi nzuri.

Jumatano, 3 Aprili

Mvua.

Ijumaa, 5 Aprili

Mkate. Umepinda kidogo kuliko ule wa kwanza, mkewe anajifunza.

Jumamosi, 6 Aprili

Hatukwenda. Mzee Breki amesema tupumzike. Niliwakuta Mwalimu na Bonge wamelala chali chini ya gari la Bonge uani kwake, wanatoa matope ya mtoni kwenye ekseli kwa bisibisi. Bonge anatumia mkono mmoja na anaimba. Nilitegemea atakuwa na hasira na gari, na mto, na mtu. Hana. Nimemchunguza sana, hana. Ingekuwa rahisi angekuwa nazo.

Ijumaa, 12 Aprili

Mkate. Nimempa bibi wa picha. Anautafuna vizuri kwa meno yangu.

Jumamosi, 13 Aprili

Leo ilikuwa matope tu, hakuna maji, na kwa mara ya kwanza nilikaa nikamwangalia mdogo wangu akiendesha. Nilizoea kusema hana simile. Kumbe kabla ya mteremko anashuka, anautembea, anarudi na kokoto mfukoni kuona udongo wa chini ni wa aina gani. Anakagua breki mara mbili. Anaongea na gari kwa upole, kama anavyoongea na mtoto anayekosea kugawanya. Nilimwuliza kama huwa haogopi.

"Naogopa kila siku," akasema. "Ndiyo maana napima. Nikishapima naenda."

Mtu wa hatari ndani ya gari lile ni mmoja, na siye anayeshika usukani. Nimeliandika hili, daktari wangu na ushauri wake.

Jumamosi, 20 Aprili

Mzee Breki ametangaza safari ya kufunga msimu, tarehe kumi na moja Mei. Ni mto mkubwa, ule wa bondeni. Kila mwaka wanaufikia na kuuangalia, na mara mbili tu umewahi kupitika. Amesema mwaka huu wana mtu wa kuupima. Akanipa koti la rangi ya chungwa, jipya, lililokuwa bado na mikunjo ya dukani. Wamechanga. Mgongoni wameshona neno MPIMAJI.

Bonge ndiye aliyelipeleka kwa mshonaji.

Ijumaa, 26 Aprili

Mkate. Plasta ya Bonge imetolewa. Mkono umekonda, ngozi imepauka, vidole bado havifungi vizuri. Anafinya donge la unga siku nzima ili virudi. Alinionyesha akicheka. Nilimsagia mteja jino lake la bandia la mbele mpaka nikaliharibu, ikabidi nianze upya.

Jumanne, 30 Aprili

Mvua bila kupumzika siku tatu. Kila nikisikia mfereji wa bati unavyomwaga najua yanakokwenda yale maji.

Jumamosi, 4 Mei

Leo nilikata shauri kumwambia. Mwalimu alikuwa jikoni anasahihisha madaftari, kalamu nyekundu sikioni. Nikavuta kiti. Nikasema, "Mdogo wangu, kuna jambo." Akaweka kalamu chini. Nikamwuliza kama tairi la akiba lina upepo.

Akachukua kalamu yake tena. Akasema lina upepo.

Alhamisi, 9 Mei

Nimefikiria kujitia mgonjwa. Lakini nikikaa atakwenda mwingine kwenye kiti changu, na wataendelea kuamini kwamba mpimaji akinyanyua mikono amepita. Nimefikiria pia kupita tu, kupita kweli safari hii, nikamaliza bila kusema lolote. Hilo ndilo linalonivutia. Ila kama mguu utakataa tena, nani atajua? Mto mkubwa nao una kisiwa chake cha matete, Mwalimu ameniambia.

Ijumaa, 10 Mei

Mkate. Umenyooka kabisa.

Jumapili, 12 Mei

Tuliufikia mto mkubwa kabla ya saa nne asubuhi. Mvua ilikuwa imekatika, mawingu yamekaa chini, na mto ulisikika kabla ya kuonekana. Magari yakapangwa. Mwalimu akakaza viatu vyake vikavu. Mke mwenye duka la dawa akanipiga picha na koti langu. Mzee Breki akanikabidhi ufito. Nikaushika, nikafika ukingoni, nikayaona matete katikati, na kijasho chembamba kikanitoka mgongoni chini ya lile neno.

Nikageuka.

"Ule mto wa Bonge sikuupita," nikasema.

Hawakuelewa. Mzee Breki alidhani nataka kupumzika.

"Nilifika kwenye matete nikasimama. Nilijificha nyuma yake nikahesabu, kisha nikarudi nikawaambia ni mapajani. Upande wa pili sikuupima kabisa. Mchanga haukuhama. Shimo lilikuwepo."

Nilimtazama Bonge kwa sababu nilijua nikimtazama Mwalimu nitaanguka. Bonge alikuwa anafinya lile donge lake la unga, akaacha kulifinya. Akasema taratibu, "Na mimi nikakuletea mikate." Akanipa kisogo akaenda nyuma ya gari lake.

Mzee Breki alinyoosha mkono akauchukua ufito. Hakuunyakua, aliuchukua tu, kama mtu anayemwondolea mtoto kisu. Mwalimu aliingia kwenye gari la Baba akafunga mlango, akashika usukani kwa mikono miwili, akatazama mbele. Nikaanza kuvua koti. Zipu ilikwama. Nilisimama pale nikivutana na zipu mbele ya watu, mtu mzima, na machozi yakanitoka.

Bonge akarudi. Alikuwa na kamba, ile nene ya kuvutia magari. Aliupokea ufito kwa Mzee Breki bila kuomba, akanirushia. Halafu akaizungusha kamba kiunoni mwangu na kuikaza fundo mpaka nikakosa pumzi. Vidole vya mkono ule uliovunjika vilikuwa bado havifungi vizuri.

"Leo utapita yote," akasema. "Mimi nitashika kamba."

"Bonge, mkono wako."

"Pita, Fundi."

Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa jana. Naandika hivyo na nimelifikiria. Hatua kumi za kwanza niliongea na Mungu. Kwenye matete nilisimama, kweli nilisimama, na mguu ukafanya vilevile. Yalikuwa maji yaleyale meusi na sauti ileile ya chini. Hakuna aliyekuwa ananiona. Lakini kamba ilikuwa imekaza, na ikatikiswa mara moja, kidogo, kutoka ukingoni alikosimama Bonge. Nikapiga hatua. Maji yakafika kiunoni, kisha kifuani, nikalazimika kunyanyua mikono na ufito juu. Nilipima kulia, nikapima kushoto, nikaenda nikagusa ukingo wa ng'ambo kwa kiganja, nikang'oa kipande cha nyasi, nikarudi.

"Haupitiki," nikasema. Meno yangu, yale ya kuzaliwa, yalikuwa yanagongana. "Umezidi nyekundu kwa viganja vitatu. Kulia na kushoto."

Niliwaonyesha nyasi. Hakuna aliyeziangalia. Nilingoja Mzee Breki aseme anamtuma mwingine akahakikishe, na alikuwa na haki. Bonge alianza kukunja kamba kiwikoni. Alisema, "Washeni magari, tunarudi." Viganja vyake vilikuwa vimechubuka.

Tulirudi bila kuvuka. Kilomita zote zile Mwalimu hakusema neno.

Jumanne, 14 Mei

Leo amesema. Alikuja karakana, ambako huwa haingii, akasimama kati ya mataya yangu ya plasta, madaftari ya watoto mkononi.

"Siku ile ulinidanganya mara mbili," akasema.

"Ndiyo."

"Ya kwanza naelewa. Uliogopa. Ya pili tulikuwa tumeshavuka, Kaka. Tulikuwa salama. Ya pili ilikuwa nini?"

Nilitafuta jibu. Alinipa muda, kama anavyowapa wanafunzi wake. Kisha akaondoka. Daktari, kama siku moja utalisoma daftari hili, hilo ndilo swali linalonitisha sasa, na halijapungua uzito hata kidogo kwa kuandikwa.

Ijumaa, 17 Mei

Hakuna mkate. Mama ameuliza kama Bonge anaumwa. Nikasema pengine unga umechelewa. Uongo mwingine, mdogo. Nimeuona ukitoka mdomoni.

Jumatatu, 20 Mei

Jua. Mwalimu ameosha gari la Baba. Nilitoka nikachukua kitambaa nikaanza kufuta upande wa pili. Hakunifukuza.

Ijumaa, 24 Mei

Saa tano asubuhi nilikuwa napanga meno kwenye nta. Mlango ukafunguliwa, Bonge akaingia, hakusalimu, akaweka kifurushi mezani kwangu juu ya vipimo vya mtu. Akakaa kwenye kiti cha wateja na kukunja mikono.

Nikafungua karatasi. Ulikuwa nusu mkate. Umekatwa katikati kwa kisu kizuri, nyama yake nyeupe bado inatoa mvuke.

Nikamwangalia.

"Nusu nyingine iko nyuma ya matete," akasema. "Nenda kaipime."

Alikaza uso kadiri alivyoweza. Kisha tumbo lake likaanza kutikisika, na mimi nikacheka mpaka nikalazimika kukaa chini, na nilipokaa chini kicheko kikageuka kilio, na Bonge akabaki palepale kwenye kiti akinitazama nikilia, bila kunibembeleza, mpaka nilipomaliza. Alipoinuka alisema kiangazi kimefika, wiki ijayo wanaanza drifti, na kwamba mimi nikae mbali na kila kitu chenye breki ya mkono. Mlangoni alisema Ijumaa ijayo atakuja. Hakusema ataleta kiasi gani.

Mchana niliingia ndani ya nyumba na ile nusu. Mwalimu alikuwa anamkatia Mama kucha. Aliiona, akaniangalia, akaendelea na kucha. Nikaiweka mezani mbele ya Mama.

"Mbona nusu?" Mama akauliza. "Ile nyingine iko wapi?"

Mwalimu aliacha kukata. Nilivuta kiti, nikakaa, nikamshika Mama mkono kwanza.